Kasi kupita nini? Watu wa lugha na majaribio ya programu huria za jiometri

Kila toleo jipya la programu ya kompyuta huja na tangazo lake, na mara nyingi ndani ya tangazo hilo kuna sentensi moja isiyobadilika: programu sasa ina kasi zaidi. Mwanafunzi wa kitivo chetu akiandika katika tasinifu yake kwamba "lahaja hii imebadilika zaidi", karatasi humrudia na alama nyekundu pembeni: zaidi ya ipi? Umepima wapi? Kwa wazungumzaji gani? Mimi nadai kwamba sentensi ya kasi inastahili alama hiyo hiyo nyekundu, na kwamba sisi tunaosoma lugha tuna uwezo wa kuiweka, na hata wajibu.

Nazungumzia kundi moja tu la programu: programu huria za jiometri. Ni huria kwa sababu mtu yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake, kuubadili na kuwagawia wengine. Ni za jiometri kwa sababu kazi yake ni nukta, mistari na maumbo: kijiji hiki kimo ndani ya wilaya gani, maeneo haya mawili yanakutana wapi, mpaka huu ukiunganishwa na ule yanatoka umbo gani. Nimechagua kundi hili kwa sababu ndilo linalochora ramani za lugha tunazobandika katika tasinifu zetu, na kwa sababu tunaruhusiwa kulipima bila kupiga magoti mbele ya mtu.

Msimamo wangu ni huu. Dai la kasi si sentensi kamili mpaka liseme mambo matatu: kasi kupita nini, kwa data ipi, na kama jibu limebaki lile lile. Tena majaribio ya mambo hayo matatu hayawezi kuachiwa watengenezaji peke yao, kwa sababu ramani zetu hawanazo.

Sarufi ya dai

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kiingereza kina kiambishi cha ulinganisho kinachoshikamana na kivumishi, na neno likishakipata linaweza kusimama peke yake bila kusema linalinganishwa na nini. Kivumishi cha Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Tukitaka kulinganisha tunaleta neno jingine: kuliko, zaidi ya, kushinda, na hapa Lubumbashi, kupita. Mtu akisema sokoni "hii iko nguvu kupita", kisha akanyamaza, msikilizaji anabaki akimwangalia mdomo, akisubiri jina la kitu cha pili. Sarufi yenyewe inamdai msemaji deni.

Tulipe deni hilo kwa mfano wa kweli. JTS ni maktaba ya hesabu za jiometri iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Ilianza Victoria, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Martin Davis ndiye mwandishi wake mkuu. Maktaba hiyo ikahamishiwa katika lugha ya C++, ikapewa jina la GEOS. Na GEOS ndiyo injini iliyojificha ndani ya PostGIS, ndani ya QGIS na ndani ya Shapely, ambayo waandishi wa Python huitumia. Mwenzangu anayechora ramani ya Kisanga au Kibemba kwa QGIS anatumia GEOS hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Wasomaji wa kitivo hiki watatambua mara moja jambo lililotokea hapo: ni tafsiri. JTS ni matini chanzi, GEOS ni matini lengwa. Kama ilivyo kwa tafsiri zote, mambo mapya huanza katika matini chanzi, kisha hufika katika tafsiri baadaye; na mwendo wa tafsiri si mwendo wa matini chanzi, kwa kuwa lugha mbili hazina gharama sawa kwa jambo moja. Kwa hiyo mtu akisema "hesabu ya makutano ina kasi zaidi sasa", ana njia nyingi za kulipa deni la sarufi: kupita toleo lililotangulia la JTS? Kupita GEOS? Kupita programu nyingine kabisa? Kuna zaidi: QGIS mbili za toleo moja, katika kompyuta mbili, zinaweza kuwa zimebeba GEOS za matoleo tofauti. Anayeandika "nilitumia QGIS" na kuishia hapo amefanya kama anayeandika "nilimhoji mzee mmoja" bila kutaja kijiji wala lugha ya mzee huyo.

Sanduku la Kongo

Jambo la pili ni data, na hapo ndipo Kongo inapoingia, si kwa uzalendo bali kwa umbo lake.

Tuchukue swali jepesi kuliko yote: nukta hii imo ndani ya eneo hili? Mwanafunzi aliyekusanya maneno vijijini huliuliza swali hilo bila kulitaja, pale anapoiambia kompyuta impangie vijiji vyake kwa wilaya. Nchi yetu ina wilaya 145, zile tunazoziita teritwari. Mtu mwenye vijiji 5000, akiuliza kila kijiji kwa kila wilaya, anauliza maswali 725,000. Kompyuta inaweza kuyajibu yote, lakini kila swali lina bei yake.

Programu nzuri hazijibu maswali yote kwa bei kamili. Zinapita hatua mbili. Hatua ya kwanza ni chujio: kila eneo linazungushiwa mstatili uliolala sawa na mistari ya latitudo na longitudo, na nukta iliyo nje ya mstatili inatupwa papo hapo, kwa kulinganisha namba nne tu. Mistatili hiyo hupangwa katika faharasa, kama maneno katika faharasa ya kitabu, ili programu isiipitie yote. Wazo la faharasa ya aina hiyo, inayoitwa R-tree, lilichapishwa na Antonin Guttman mwaka 1984, na mpaka leo ndilo msingi wa kazi hii. Hatua ya pili ni ya gharama: kwa nukta iliyobaki, programu hupiga mstari kutoka kwenye nukta hiyo kwenda upande mmoja na kuhesabu mara ngapi mstari unavuka mpaka. Ukivuka mara witiri, nukta imo ndani. Ukivuka mara shufwa, iko nje. Mpaka wenye vipeo vingi unahesabiwa kwa muda mrefu.

Sasa chora mstatili kuzunguka jimbo la Colorado huko Marekani. Mstatili na jimbo karibu ni kitu kimoja. Kila nukta inayopita chujio karibu hakika imo ndani, na hatua ya pili haina kazi ya maana, kwa sababu mpaka wenyewe ni mistari iliyonyooka. Chora mstatili kuzunguka nchi yetu. Ndani yake utakuta Brazzaville, Bangui, Kigali na Bujumbura. Kusini utakuta Ndola na Kitwe, kwa sababu ile pembe ya Sakania inayoingia Zambia inaushusha mstatili chini na kuifunika sehemu kubwa ya nchi ya jirani. Hata mstatili wa Haut-Katanga peke yake unaibeba Ndola. Chujio letu lina matundu makubwa. Na yanayopita humo yanakwenda kukutana na mipaka inayofuata mito: Kongo na Ubangi huko magharibi na kaskazini, Luapula huku kwetu. Mito haina mistari iliyonyooka. Kila kona ya maji ni kipeo.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mtu akiboresha hatua ya kwanza na kupima kwa maeneo yenye umbo la Colorado, atapata faida kubwa na kuitangaza, naye atakuwa hajasema uongo. Sisi tukiitumia programu hiyo hiyo, huenda tusione kitu, kwa sababu muda wetu unaliwa katika hatua ya pili. Sisemi kwamba yupo aliyefanya hivyo kwa hila. Nasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaoandika programu hizi hawalali kwenye kitanda cha Sakania.

Yapo maboresho yanayolenga hatua ya pili, nayo ndiyo yenye faida kwetu. Moja ni kuliandaa eneo kabla ya maswali: vipande vya mpaka wake vinapangwa katika faharasa mara moja, kisha maswali elfu yanayofuata yanagusa vile tu vilivyo karibu na nukta. GEOS imekuwa na njia hiyo tangu mwaka 2009. Jingine ni kulikata eneo kubwa vipande vidogo kabla ya kazi; PostGIS ina amri ya kufanya hivyo, nayo, usipoiambia vingine, huacha vipande visivyozidi vipeo 256. Na mwaka 2024, JTS 1.20 na kisha GEOS 3.13 zilileta utaratibu mpya wa kujibu maswali ya uhusiano kati ya maumbo, uitwao RelateNG, ambao miongoni mwa mengine hukatiza hesabu mara tu jibu linapojulikana. Ukiuliza kama maeneo mawili yanagusana, na ukaona yanagusana mahali pamoja, huna sababu ya kuendelea kutafuta mahali pa pili.

Je, kila moja ya haya inatufaa sisi? Inafaa kwa kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo hakuna atakayetujibia tusipopima.

Edmont kama mpimaji

Wenzangu hunijibu kwamba kupima kasi ya programu ni kazi ya wahandisi, na kwamba hatukufundishwa. Nakataa. Tulifundishwa, ila chini ya jina jingine.

Katika somo la lahaja tunasoma habari za Atlasi ya Lugha ya Ufaransa. Jules Gilliéron alimtuma mtu mmoja, Edmond Edmont, kati ya mwaka 1897 na 1901, azunguke vituo 639 akiuliza maswali yaliyoandaliwa. Kwa nini mtu mmoja? Kwa sababu watu kumi wangekuwa masikio kumi, na tofauti katika ramani isingejulikana kama ni ya lugha au ya masikio. Kwa nini maswali yale yale? Kwa sababu ukibadilisha swali pamoja na kijiji, hujui kipi kilicholeta jibu jipya. Atlasi hiyo ina kasoro zake, na walimu wetu hutuonyesha, lakini kanuni yake ni safi: ukitaka kujua tofauti ya kitu kimoja, vingine vyote vishike mahali pake.

Kupima kasi ni kanuni hiyo hiyo. Kompyuta ni ile ile, data ni ile ile, amri ni ile ile; kinachobadilika ni toleo la programu peke yake. Anayepima toleo la zamani katika laptopu yake na toleo jipya katika kompyuta ya rafiki amepima kompyuta.

Kanuni ya pili nayo tunaijua kutoka uwanjani. Jibu la kwanza la mzungumzaji si la kuandikwa peke yake. Huenda ameona haya, huenda bado hajazoea swali. Kompyuta nayo ina haya ya namna yake. Mara ya kwanza inasoma faili kutoka kwenye diski. Mara ya pili faili tayari imo katika kumbukumbu, na kazi inakwenda upesi bila programu kuboreshwa hata kidogo. Programu za Java, JTS ikiwamo, huanza polepole kwa sababu msimbo wao unaendelea kutafsiriwa kwa lugha ya mashine wakati wa kazi, kisha hushika mwendo. Basi endesha jaribio mara chache bila kuandika kitu, kisha liendeshe mara kumi au ishirini na kuandika kila muda. Zipange namba hizo kwa ukubwa na uchukue iliyo katikati. Ukichukua wastani wa kawaida, mara moja tu ambayo kompyuta ilikuwa ikishughulikia jambo jingine itaharibu hesabu nzima.

Kanuni ya tatu inatuhusu sisi wa huku kuliko wengi. Laptopu nyingi hupunguza mwendo wa prosesa yake zinapotoka kwenye umeme wa ukutani na kuingia kwenye betri, na hupunguza pia zinapopata joto. Mtu aliyeanza kupima toleo la zamani umeme ukiwapo, kisha umeme ukakatika, akaendelea na toleo jipya kwa betri, ataandika kwamba toleo jipya ni zito. Amepima mkato wa umeme. Suluhisho si kungoja siku ambayo umeme haukatiki. Ni kupima yote kwa betri tangu mwanzo, kuweka mwendo wa prosesa pamoja ikiwezekana, na kuyachanganya matoleo: zamani, jipya, zamani, jipya, ili joto na uchovu wa betri viyapate yote mawili sawasawa.

Kanuni ya nne ni ukubwa. Jaribio la vijiji 100 halisemi kitu kuhusu vijiji 10,000. Kazi inayolinganisha kila kijiji na kila kingine ina jozi 499,500 kwa vijiji 1000. Kwa vijiji 10,000 jozi ni 49,995,000. Vijiji vimeongezeka mara kumi, kazi imeongezeka karibu mara mia. Programu mbili zinaweza kwenda bega kwa bega kwa data ndogo, kisha moja ikabaki nyuma kabisa kwa data kubwa. Kwa hiyo pima kwa ukubwa mbalimbali na uangalie mwelekeo.

Jibu lile lile

Nimefika kwenye jambo la tatu, nalo ndilo linalonifanya niandike. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na watu huitumia methali hiyo kusifu upole. Mimi naisoma vingine: haraka inayokosa baraka ni ile isiyorudi nyuma kukagua. Programu inayotoa jibu baya upesi imetupotezea muda kuliko ile ya polepole.

Jibu baya katika jiometri haliji kwa uzembe tu. Kompyuta huandika namba za desimali kwa nafasi zenye kikomo, kwa hiyo nukta ambayo mistari miwili inakutana mara nyingi haiandikiki kwa ukamilifu. Inasogezwa kidogo sana hadi namba ya karibu. Kusogea huko kunaweza kuweka nukta upande mwingine wa mstari, na utaratibu uliodhani nukta iko kushoto unaikuta kulia. Watumiaji wa JTS na GEOS waliijua adha hiyo kwa miaka: hesabu ya kukutanisha maeneo mawili, yote mawili yakiwa sahihi, ilikuwa wakati mwingine ikikatika katikati na ujumbe wa kosa la topolojia. Mwaka 2020 ulikuja utaratibu mpya, OverlayNG, katika JTS 1.18 na GEOS 3.9. Lengo lake kuu lilikuwa uimara: hesabu ifike mwisho na jibu liwe halali. Katika kazi nyingi ulikuja pia na kasi, lakini uimara ndio uliotangulia. Naiona kuwa ratiba ya kuigwa.

Tunajuaje kwamba jibu jipya ni sawa na la zamani? Hapa mwanafunzi wa lugha ana macho yaliyozoea. Umbo lenye vipeo A, B, C, D ni lile lile likiandikwa C, D, A, B, au likizungushwa kinyume. Kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi itasema maumbo ni tofauti, kama mtu asiyejua sintaksia anavyodhani kwamba "mtoto aliuvunja mtungi" na "mtungi ulivunjwa na mtoto" ni habari mbili. OverlayNG ilibadilisha mpangilio wa vipeo katika baadhi ya majibu bila kubadilisha maumbo yenyewe. Njia sahihi ni kuyapanga maumbo yote mawili kwa utaratibu mmoja kabla ya kulinganisha, au kuuliza ni eneo gani limo katika moja tu kati ya hayo mawili. Eneo hilo likiwa sifuri, au dogo kiasi cha kusogea kwa desimali, majibu ni sawa. Likiwa kubwa, una habari ya kuwapelekea watengenezaji.

Uzito wa jambo hili hatuhitaji kuelezwa. Ramani ya lugha katika nchi hii haisomwi na wanaisimu peke yao. Mtu akiona kijiji chake kimewekwa upande wa jirani, hatauliza toleo la GEOS. Atauliza nani aliyechora, na kwa nia gani. Kijiji kilichosogezwa na desimali kinaonekana sawasawa na kijiji kilichosogezwa na mkono wa mtu. Mimi nisingependa jina langu liwe chini ya ramani ambayo sikuikagua, kwa sababu tu programu iliitoa upesi.

Pingamizi mbili

Wa kwanza atasema data zetu ni ndogo, kasi ina faida gani? Zingekuwa ndogo kama tungebaki na vituo mia vya mkono. Lakini Hans Goebl wa Salzburg, aliyejenga fani ya dialektometri, alionyesha kwa data ya atlasi ile ya Ufaransa kinachowezekana kila kituo kikilinganishwa na kila kingine kwa mamia ya ramani, na kila kituo kikipewa poligoni ya Voronoi, yaani eneo la sehemu zote zilizo karibu nacho kuliko kituo kingine. Kazi hiyo ni jiometri na hesabu tangu mwanzo hadi mwisho. Tukitaka kuifanya kwa lugha za Katanga, saa za umeme tulizo nazo ndizo mpaka wetu. Programu inayomaliza kabla betri haijaisha na ile isiyomaliza si polepole na upesi; ni kazi iliyofanyika na kazi isiyofanyika.

Wa pili atasema programu ni ya bure, na aliyepewa hachagui. Hapo pana kutoelewa maana ya huria. Mradi wa programu huria haugawi sadaka, unaomba ushirika. Majaribio yake yanajengwa kwa maumbo ambayo watumiaji wameleta, hasa yale yaliyowashinda. Umbo likishaingia katika majaribio hayo, kila toleo linalofuata hupimwa nalo. Asiyeleta umbo lake hana mlinzi: toleo jipya linaweza kumharibia kazi, na hakuna jaribio litakalopiga kelele.

Ninachopendekeza

Naomba mambo matatu kwa kitivo, nayo hayahitaji bajeti.

Kwanza, tutengeneze mfuko mdogo wa maumbo ya Kongo kwa ajili ya majaribio: pembe ya Sakania, mpaka wa Luapula, visiwa vya mto Kongo, wilaya zetu zote 145. Mipaka ya namna hiyo inapatikana katika OpenStreetMap kwa leseni inayoruhusu kutumiwa tena, mradi chanzo kitajwe. Majina ya watu tuliowahoji yasiingie humo kamwe. Programu inahitaji maumbo, haihitaji wazee wetu.

Pili, katika somo la mbinu za utafiti, zoezi moja liwe la kupima dai la kasi. Wanafunzi wawili, matoleo mawili, kompyuta moja, ripoti ya ukurasa mmoja inayotaja toleo, mashine, data, idadi ya marudio na kama majibu yalilingana. Asiyejua kuandika programu atajifunza mistari ishirini. Anayejua atajifunza kuripoti bila kutia chumvi.

Tatu, wenzetu wa idara za Kiingereza na tafsiri washirikishwe. Watengenezaji hawa husoma ripoti kwa Kiingereza, na ripoti iliyoandikwa vibaya hukaa bila kujibiwa hata kama kosa ni la kweli. Kuandika kwa usahihi nini kilifanywa, nini kilitarajiwa na nini kilitokea ni ufundi wa lugha kabla ya kuwa ufundi wa kompyuta. Wakati huo huo, maneno tunayoyahitaji darasani, kama kipeo, poligoni, faharasa na toleo, yatapata matumizi ya kila siku katika Kiswahili chetu badala ya kungoja kamusi.

Walimu wetu watakuwa na haki ya kuuliza muda utatoka wapi. Jibu langu ni kwamba muda huo tayari tunautumia, kila tunapokaa mbele ya kompyuta iliyoganda tukisubiri ramani, bila kujua kama kosa ni la mashine, la data au la programu. Tofauti ni kwamba tukiusubiri muda huo huku tukipima, tunaondoka na kitu cha kuandika.